Platini Iliyorukia Sumaku

Watu wanane waliokuwa wakichimba kwenye kijito cha Aguaclarita, mwendo mfupi juu ya mji wa Condoto, hawakuwa na sanduku la chuma wala kufuli. Walikuwa na Teófila Ibargüen. Kila jioni walipomaliza kuosha mchanga walimkabidhi yeye chembe nyeupe za platini walizopata, naye akazitia ndani ya kibuyu kidogo, akakifunga mdomo kwa kitambaa, akaenda kukiweka nyumbani nyuma ya picha ya Bikira. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye mabega ya mtu aliyeanza kuzungusha batea kabla hajang'oka meno ya utoto. Batea ni sinia pana la mbao la kuoshea mchanga mpaka kilicho kizito kibaki chini, lililochongwa likaingia ndani kama kofia iliyogeuzwa, na pale Condoto mtu asiyeijua batea hujulikana mara moja kwamba ni mgeni. Mumewe, Nepomuceno, ambaye kila mtu alimwita Nepo, alikuwa mhunzi. Nyumba yao ilisimama juu ya nguzo kama nyumba nyingine zote za ukingoni, na huko chini, kivulini, ndiko Nepo alikofunga jiliwa lake la kubania chuma. Alinoa mitaimbo na makulabu ya wachimbaji, akanyoosha mapangaboi ya injini za mitumbwi, na chenga za chuma zilizotoka kwenye tupa lake zilimwagika chini siku nenda siku rudi hadi udongo wa pale ukawa mwekundu kwa kutu.

Mwezi huo wa Oktoba, sikukuu ya Bikira wa Rozari ikikaribia, kikundi kilifungua shimo jipya juu zaidi ya kijito, kwenye mguu wa mlima ambako mawe ni meusi na mazito. Platini ya huko ilikuwa na chembe kubwa kuliko walizozoea, na rangi yake iliegemea kijivu.

"Hii haijanawa uso," alisema Licenia Perea, rafiki yake Teófila, akiipeperusha kiganjani.

"Ikiuzwa utanawa wewe," Teófila akamjibu, na wote wakacheka.

Waliisafisha kama walivyofundishwa na mama zao. Mchanga mweusi waliutoa kwa kupuliza na kwa povu la majani yanayoteleza kama mlenda. Sumaku hawakuwa nayo. Dhahabu kidogo iliyokuwamo waliitenga, platini ikaingia kibuyuni. Ilipofika Jumamosi kibuyu kilikuwa kizito mpaka Teófila alikibeba kwa mikono miwili, na watu walishaanza kuzungumzia nguo za sikukuu.

Mnunuzi wao alikuwa Don Aristóbulo Zuluaga, mtu wa kutoka milima ya Antioquia aliyekuwa ametimiza miaka minane kwenye mto ule. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa watu, na kwenye misiba alileta kahawa. Lakini wiki mbili nyuma, kwenye mto mwingine, alikuwa ameuziwa mfuko uliochanganywa na chenga za chuma, na hasira ya kuchekwa ilikuwa bado haijamtoka. Safari hii, kabla ya kufungua mizani, alitoa mfukoni sumaku mpya iliyopindwa kama kwato la farasi.

Akamwaga platini juu ya karatasi, akapitisha sumaku juu yake.

Zile chembe zilisimama. Si zote, lakini kama theluthi yake zilisimama kama nywele za mtu aliyeshtuka, kisha zikaruka na kung'ang'ania sumaku kwa sauti ndogo, tik, tik, tik.



"Hii nini tena?" Don Aristóbulo aliuliza taratibu.

"Labda ni mchanga mweusi umebaki, nao hushika sumaku," Licenia alisema.

"Mama, mchanga mweusi siujui mimi? Tazama rangi hii. Platini haishiki sumaku, chuma ndicho kinachoshika. Kitu hiki kimetoka kwenye tupa."

Lilipotamkwa neno tupa, hakuna aliyeitazama sumaku tena. Macho yote yalimgeukia Teófila.

Kiongozi wao, Plutarco Copete, alikuwa amemwoa dada yake Teófila, marehemu. Alikohoa. "Shemeji, kibuyu kilikuwa kwako."

"Kilikuwa kwangu kama miaka yote."

"Simaanishi kitu."

"Kama unamaanisha, sema. Kama humaanishi, nyamaza."

Plutarco akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kubaya kuliko kama angesema. Don Aristóbulo alikung'uta zile chembe zilizokamatwa na sumaku kwenye karatasi peke yake, akaikunja, akamwekea Teófila mkononi. Nyingine akazirudisha kibuyuni.

"Sinunui leo," alisema. "Nitarudi Jumamosi. Mjue wenyewe nani kafanya nini. Nikidanganywa mara ya pili, mto mzima utajua, na hapo hakuna mnunuzi atakayeshuka kwenye gati yenu."

Teófila alikwenda nyumbani akiwa ameshika ile karatasi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Njiani alikuwa na hakika ya jambo moja tu: yeye hakufanya. Lakini kadiri alivyokaribia nyumba na kusikia tupa la Nepo likikwaruza, wazo jingine lilimwingia, na alipojaribu kulifukuza lilizidi kukaa. Nyumbani walikuwa wawili. Wiki nzima Nepo alikuwa akilalamika kwamba bati linavuja, kwamba mwaka huu wasipobadilisha watalala na vyura. Je, kama ni yeye?

Akasimama mbele ya jiliwa. "Nepo, ulikigusa kibuyu?"

Nepo aliinua kichwa akitabasamu, akidhani ni utani. Alipouona uso wa mkewe, tabasamu likafa.

"Kibuyu gani?"

Akamweleza yote. Nepo aliliweka tupa chini polepole sana.

"Miaka thelathini na mmoja, Teo," alisema. "Na leo unaniuliza hivyo."

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza. Nami nakujibu: sikukigusa." Akapanda ngazi, akala ndizi zake za kuchemsha akiwa amesimama dirishani na mgongo amempa mkewe. Tangu saa ile hawakuzungumza ila kwa mambo ya chumvi na kuni.

Ilikuwa wiki ndefu. Pale kijitoni wenzake hawakumfukuza, ila walifanya kazi wakiwa wamempa nafasi kubwa, kama anayehofiwa ana ugonjwa. Licenia alihamia ng'ambo ya pili akasingizia mawe. Jioni ya Jumatatu, Plutarco alichukua mwenyewe chembe za siku ile, akazitia kwenye kikopo cha unga wa maziwa. Na Jumanne, wanawake walipokuwa wakifua mtoni, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wana mgodi chini ya nyumba, hawana haja ya kulowa kama sisi." Teófila alizisuuza nguo zake mara mbili zaidi ya kawaida ili asiondoke akionekana anakimbia.

Jumatano ndipo alipoamua kutafuta ukweli, uwe mchungu au mtamu. Alijua jinsi chuma kinavyoliwa na kutu pale kwao. Panga ukilisahau nje kwa mvua mbili tu hulitambui. Akakamua ndimu kwenye vikombe viwili vya udongo, akatia chumvi nyingi. Kwenye kikombe cha kwanza alitia chenga alizozoa chini ya jiliwa Nepo alipokwenda gatini. Kwenye cha pili alitia nusu ya zile chembe za kwenye karatasi. Akavificha nyuma ya mtungi.

Asubuhi ya Alhamisi, maji ya kikombe cha kwanza yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa. Ya pili yalikuwa meupe. Akajiambia labda ni mapema. Ijumaa asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa uji wa kutu. Akamimina cha pili juu ya kitambaa, na zile chembe zikamwangalia safi, zinang'aa kuliko alivyozitia. Kijivu chote kilikuwa kimeondoka. Chuma cha kwenye tupa kingekuwa kimekwisha oza.

Teófila alikaa chini sakafuni pale pale.  Kisha akachukua kikombe cha kutu na kile kitambaa, akashuka ngazi.

"Nepo. Nisamehe."

Akamweleza alichofanya, akamwonyesha kutu ya kikombeni na zile chembe za kwenye kitambaa.  Nepo alichukua chembe moja, akaiweka juu ya fuawe, akaigonga kwa nyundo ndogo. Ilibonyea kidogo bila kuvunjika. Akachomoa sumaku ya kipaza sauti cha redio mbovu iliyokuwa imening'inia ukutani, na ile chembe ikairukia.

"Loo," alisema. "Haiozi, na inashika. Huyu ni mnyama gani?"

"Sijui. Ila si wako."

Nepo akacheka kwa mara ya kwanza katika siku sita, na katika kile kicheko kulikuwa na kitu kilichokuwa karibu na kilio. "Teo, nikuambie? Niliapa kwamba sikugusa, na kweli sikugusa. Lakini toka siku ile sina usingizi. Nilifikiri labda ni vumbi langu. Labda upepo. Nimepima hatua kutoka hapa hadi kwenye ile picha mara sijui ngapi. Nikajiambia, nimemharibia mke wangu jina kwa tupa langu na sijui."

"Vumbi lako lingepanda ngazi lenyewe, likafungua kitambaa, likaingia kibuyuni?"

"Mtu akiogopa anaamini lolote."

Wakakaa juu ya benchi moja, magoti yakigusana. Nusu ya mzigo ilikuwa imetua. Nusu ya pili ilikuwa ni watu.

"Ndimu haitawatosha," Teófila alisema. "Watasema nilitia nilichotaka kwenye kila kikombe, tena nyumbani kwangu."

Alikuwa amemimina zile chembe kiganjani bila kufikiri na kuzirusharusha kidogo, kama afanyavyo mchimbaji yeyote. Mkono wake ndio uliojua kwanza. Zilikuwa nzito. Zilikandamiza kiganja namna ile ile ambayo platini ilikikandamiza tangu alipokuwa mtoto. Akachota chenga za chuma kwa mkono mwingine, kiasi kile kile. Zilikuwa kama pumba.

"Nepo," alisema, "batea haidanganyi mtu."

"Na ukikosea mbele yao?"

"Nikikosea, nitakuwa nimekosea mchana kweupe."

Jumamosi Don Aristóbulo alipofunga mtumbwi wake, kikundi kizima kilikuwa kijitoni, na nyuma yao watu wengine wengi ambao hawakuwa na kazi pale ila kuja kuona. Teófila alikuwa ameingia majini mpaka magotini, batea mkononi. Hakusalimia kwa maneno mengi.

"Don Aristóbulo, njoo karibu. Shemeji, nawe njoo. Unazo chenga za chuma?"

Plutarco alifungua kiganja. Asubuhi ile alikuwa ametumwa na Nepo mwenyewe kuzizoa chini ya jiliwa kwa mkono wake.

"Na hizi ndizo chembe zako," Teófila akamwambia mnunuzi, akimpa ile karatasi. Za kwenye ndimu alikuwa amezikausha na kuzirudisha. "Chagua kubwa, uzihesabu wewe, kila mtu asikie."

Don Aristóbulo alizishika kwa sumaku yake moja moja, akizihesabu kwa sauti. Zilikuwa sitini na tatu.

"Tia zote humu. Shemeji, tia chuma chako. Sasa nitieni na mchanga, mkono mmoja mmoja."

Wakatia. Teófila akatazama ng'ambo. "Ninahitaji mtu wa kukinga batea ya pili chini yangu, tuone kinachotoka."

Licenia akaingia majini na batea yake akiwa ameinamisha macho. "Nakinga mimi," alisema.

"Kinga vizuri, basi. Usikinge kama mgeni."

Teófila akaanza. Mikono yake ilizungusha batea kidogo kidogo, maji yakaingia na kutoka, mchanga mwepesi ukakimbia ukingoni na kuanguka kwenye batea ya Licenia. Alizungusha, akainamisha, akatikisa, akazungusha tena. Mchanga mweupe ukaisha, ukafuata mweusi. Kisha zikafuata chenga za Plutarco, zikiteleza ukingoni kama siafu wanaohama. Teófila hakuinua uso. Jasho lilimdondoka puani likaangukia majini. Kwa dakika moja mbaya alifikiri ameinamisha kupita kiasi na kwamba vyote vimekwenda.

Akatikisa mara ya mwisho, akainua batea, akamwelekezea Don Aristóbulo. Kwenye kitako, mahali pale pale ambapo platini hulala siku zote, palikuwa na mwezi mdogo wa chembe nyeupe.

"Weka sumaku yako."

Akaiweka. Tik, tik, tik. Akahesabu huku watu wakihesabu naye kama watoto wa darasa la kwanza. Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili. Akageuza batea huku na huku. Hapakuwa na nyingine.

"Moja imekwenda," mtu alinong'ona nyuma.

"Haijaenda," Licenia alisema, "iko hapo juu ya kidole chake, huyo bwana haoni?" Na kweli, chembe ya sitini na tatu ilikuwa imenasa pembeni ya sumaku, karibu na ukucha wa Don Aristóbulo. Watu wakaangua kicheko, hata yeye.

Kisha akapitisha sumaku kwenye batea ya Licenia. Ilitoka na ndevu nene za chenga za chuma.

Don Aristóbulo alibaki ameshika sumaku, ndevu zikining'inia. "Chuma kimekwenda na mchanga," alisema kama anayejieleza mwenyewe. "Hizi zimekaa chini."

"Kwa sababu ni nzito," Teófila alisema. "Chuma kingeweza kuja kibuyuni kwangu kwa njia elfu moja, lakini uzito huu hakuna mtu wa Condoto anayeujua kuutengeneza. Kama mume wangu angeujua, tusingekuwa na bati linalovuja."

"Ni kweli kabisa," Nepo alisema kutoka ukingoni, na watu wakacheka tena.

Mnunuzi alivaa kofia yake akaenda Condoto bila kuaga, wakadhani amekasirika. Kumbe alikwenda ofisi ya simu kupiga kwa watu wanaosafisha madini huko Medellín. Alirudi baada ya muda wa saa tatu, kofia mkononi, viatu vimejaa matope, akakuta watu bado wako pale kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa mwisho.

"Nimeongea na mzee wa maabara," alisema. "Amenicheka mpaka simu ikakatika. Anasema ipo. Ni adimu, lakini ipo, na mito hii ni moja ya mahali inapopatikana. Mlima wenyewe ndio uliochanganya. Platini na chuma viliungana huko ndani wakati jiwe lilipokuwa bado moto, vikawa kitu kimoja. Huwezi kuvitenganisha kwa tupa wala kwa nyundo. Chuma kilichomo ndicho kinachoitika sumaku, na platini ndiyo inayokifanya kisiote kutu. Moto wa mkaa hauiyeyushi. Anasema nimletee yote, hata hiyo niliyoikataa."

Akamgeukia Teófila. Ilionekana jinsi ilivyomwia vigumu, mtu mzima mbele ya umati. "Mama Teófila, nilikutukana mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu hao hao."

Teófila alikuwa ameandaa maneno makali wiki nzima, na sasa alipoyatafuta hakuyaona.  "Nimekusikia," alisema. "Fungua mizani yako, jua linakwenda."

Plutarco alimfuata pembeni. "Shemeji, mimi..."

"Wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Dada yako angekuwa hai angenichapa."

"Angekuchapa kwa mwiko." Hapo hasira yote ikamtoka mara moja kama maji yanavyotoka kwenye batea. "Lakini nikuambie jambo. Kibuyu sikitaki tena peke yangu. Kuanzia Jumatatu kitalala kwangu wiki moja na kwa Licenia wiki moja."

"Kwangu mimi?" Licenia aliruka. "Na paka wangu yule mwizi?"

"Mfunge paka."

Licenia akamshika mkono, akaubana sana.

Alipofika nyumbani saa kumi na moja ilikuwa imepita. Nepo alikuwa amemtangulia, na harufu ya samaki wa mtoni aliyekaangwa kwa vitunguu na kiungo chekundu cha achiote ilimpokea ngazini. Wiki ile nzima Teófila alikuwa akitafuna chakula kama anayetafuna maranda ya mbao. Sasa alikaa kabla hata ya kubadili sketi yenye maji, akavuta sahani, akala samaki wake hadi miiba ikabaki myeupe, akala wali wenye jibini, akala ndizi mbili za kukaanga. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya mumewe.

"Hiyo ni yangu," Nepo alisema.

"Ilikuwa."

Nepo akaisogeza sahani karibu naye, akaegemea kiti, akabaki kumtazama anavyokula.